Triga ya Nyuma

Wiki iliyopita fundi alikuja kunifungulia cherehani. Ilikuwa imeanza kuruka mishono, na macho yangu siku hizi hayafiki mle ndani kwenye vyuma. Akatoa kikopo chake chenye mdomo mrefu, akadondosha mafuta, na harufu ikapanda. Nikamwambia, "Ngoja kwanza." Akadhani nimeona kosa. Kosa sikuona. Nilikuwa nimemwona baba yangu, ameketi kizingitini Jumamosi alasiri, miguu ameinyoosha, anaipaka bunduki yake mafuta hayo hayo ya cherehani kwa kitambaa cha shati kuukuu. Wakati huo mtoto hakuruhusiwa kupita mbele ya bunduki. Kupita nyuma, ruksa. Na mimi, kwa akili yangu ya miaka saba au minane, nyuma ndiko nilikoogopa kuliko mbele. Kwa nini, ndiyo nataka kusema hapa, kama mtanivumilia, maana mimi shule niliishia darasa la tatu na sijui kufupisha.

Tulikaa Mwello, upande wa Tororo, shamba letu likishuka mpaka kwenye kinamasi cha mafunjo. Baba alikuwa Mpadhola. Mama alitoka kwa Wasamia wa Busia, upande wa Kenya, na nyinyi wa rika langu mnakumbuka kwamba mpaka wa siku zile ulikuwa kitu cha makarani zaidi kuliko cha watu. Mama alikwenda kwao na chungu cha karanga kichwani, akarudi na samaki, hakuna aliyemuuliza jina. Nyumbani tulisema Dhopadhola, lugha ya kina baba. Mama akikasirika alisema Kisamia. Kiswahili kilikuwa cha soko la Busia, cha askari, na cha bunduki.

Ndiyo, cha bunduki. Baba alikuwa askari zamani, akapigana mbali huko ambako hakupenda kutaja, na kila kitu cha silaha alifundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo akiishika ile bunduki, hata kama dakika iliyopita alikuwa anasema na mbuzi kwa Dhopadhola, mdomo ulibadilika. Alisema bunduki haisikii lugha ya kwetu. Mimi niliamini. Nilidhani ukiiambia kwa lugha nyingine itakaa kimya tu, kama mgeni.

Ilikuwa bunduki ya marisawa, vile vipunje vya risasi vinavyotoka vingi kwa mpigo mmoja, ya mitutu miwili iliyolala sambamba. Ukisukuma ulimi wa chuma ulioko juu, inakunjika katikati kama mtu anayeinama kufunga kamba ya kiatu, na unaona matundu mawili ya kutia risasi. Chini ilikuwa na triga mbili, moja mbele ya nyingine. Ya mbele ilifyatua mtutu wa kulia, ambamo baba alitia risasi nyekundu zenye marisawa madogo ya kanga na kwale. Ya nyuma ilifyatua mtutu wa kushoto, na humo alitia risasi ya kijani, yenye marisawa tisa tu, makubwa, ya nguruwe. Mtutu wa kushoto ulibana mdomoni, ukatupa mbali bila kutawanya. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua maneno mawili tu, mbele na nyuma, na nilijua kila moja kwa maana moja.

Baba alianza kumfundisha mdogo wake, baba mdogo Ochwo, kwa sababu nguruwe mwitu walikuwa wameongezeka kinamasini na mtu mmoja hakutosha kulinda mihogo. Ochwo alikuwa mtu wa maneno mengi, mzuri sana kwa mbwa, mbaya kwa bunduki. Tabia yake ilikuwa kuweka vidole viwili kwa pamoja, kila kidole na triga yake.

"Ochwo! Vidole ngapi hiyo?"

"Mbili, kaka."

"Bunduki iko na triga mbili, mtu iko na kidole moja. Toa hiyo ingine!"

"Sasa kaka, nguruwe nakuja mbio, mimi nitatafuta triga saa ngapi?"

"Haitafutwi. Kidole inajua njia. Mbele kwanza, nyuma baadaye. Sema!"

"Mbele kwanza, nyuma baadaye."

"Tena!"

Mama alikuwa anamenya mihogo pembeni. Akasema, "Shemeji, hata kasuku wa yule Mhindi wa Busia angekuwa ameshajua."

"Shemeji, kasuku hakuzaliwa na kaka kama huyu."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia jambo la kutisha, na ajabu yangu ilikuwa kwamba wakubwa wanalicheka. Mbele kwanza, nyuma baadaye. Yaani triga moja inapiga aliye mbele, na ya pili inapiga aliye nyuma. Kwanza unamaliza nguruwe, halafu unamaliza mtu.

Mtasema mtoto gani huyu mjinga. Lakini ngojeni, ushahidi nilikuwa nao. Siku hiyo hiyo Ochwo alipewa risasi mbili apige kichuguu. Akaweka kidole kimoja mbele ya macho ya baba, na baba alipogeuka kumfukuza mbuzi, akarudisha vidole viwili. Akavuta ya mbele. Bunduki ikamsukuma, na kile kidole cha pili kilichokuwa kinangoja kikavuta ya nyuma bila kutumwa. Zikalia zote kama moja. Ochwo alirushwa akakaa ndani ya kapu la mihogo ya mama, miguu juu. Kichuguu hakikuguswa. Alipovua shati bega lilikuwa limevimba, jekundu kama nyama, na akasema kwa mdomo wake, "Ya mbele haikuwa na neno. Hii ya nyuma ndiyo imenipiga."

Mimi nikatazama bega. Kweli, kitu kilikuwa kimetoka nyuma.

Baba aliichukua bunduki, akaifuta, akasema Ochwo hataishika tena maisha yake yote, na baba akisema maisha yote alikuwa na maana hiyo. Ochwo mwenyewe hakubisha. Alibaki na mbwa wake.

Lazima niseme na hili, ingawa dada zangu hawapendi likisemwa. Miezi ile baba na mama hawakuwa wazuri pamoja. Mama alikuwa amerudi kwao Busia wiki mbili nzima, akaja kuchukuliwa, na aliporudi walisemeshana kwa adabu kama watu waliokutana njiani. Na baba akienda kuwinda, aliyesimama nyuma yake akishika mfuko wa risasi alikuwa nani? Mama. Kila mara mama. Mimi nilimhesabia siku. Kila asubuhi waliporudi wawili nilishukuru kwamba nguruwe hakuonekana, maana akionekana wa mbele, zamu ya nyuma ingefika.

Nguruwe alikuwepo lakini. Dume kubwa, lenye manyoya ya kijivu mgongoni, lililokuja alfajiri na kung'oa mihogo kwa mistari kama limeajiriwa. Karanga mvua ilikuwa imeziozesha mwaka huo, ulezi haukuwa wa kutaja. Mihogo ile ndiyo ilikuwa chakula cha watu tisa mpaka msimu mwingine. Mama alipima kwa hatua shamba lililobaki, akarudi, akasema, "Baba Akoth, siku kumi. Ikipita siku kumi tutakula mafunjo." Akoth ndiye mimi.

Wakapanga. Ochwo ataingia kinamasini na mbwa kabla jua halijatoka, amsukume nguruwe aje juu. Baba atamngoja kwenye ukingo wa shamba, mama nyuma yake na mfuko. Watoto ndani, mlango ufungwe.

Sikulala vizuri, na nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Sikulia, sikumwambia mtu. Nilitaka tu kukaa katikati. Kama kitu kitatoka nyuma, kinikute mimi kwanza, mama abaki. Najua inasikika kama sifa, mtu mzima kujisifu kwa utoto wake, lakini ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno machache hivyo hivyo. Nilitoka kwa dirisha la jikoni, nikapita kwenye majani yenye umande, gauni likaloa likanishika mapajani, nikajilaza hatua chache kando yao. Nilimwona baba amepiga goti moja. Nilimwona mama amesimama nyuma yake kabisa, gomesi yake, lile gauni refu la kina mama, ameikunja kiunoni, panga mkono mmoja, mfuko mkono wa pili.

Mbwa wakalia chini. Mafunjo yakatikisika, yakatulia, yakafunguka. Likatoka. Halikwenda kushoto wala kulia, likapanda moja kwa moja kuja kwetu, kichwa chini.

Sasa sikilizeni. Ndege anayeruka anakukimbia, kwa hiyo unampiga na mtutu unaotawanya akiwa karibu, halafu ule unaobana akiwa ameenda mbali. Mbele kwanza, nyuma baadaye. Lakini mnyama anayekuja kwako ni kinyume. Yuko mbali sasa, atakuwa karibu baadaye. Baba alijua hivyo, na tena risasi ya nguruwe ilikuwa kushoto. Kidole chake kilikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kwenda mbele, kwa hiyo akawa anakiamrisha kwa sauti ndogo, kama askari. Nikamsikia wazi.

"Nyuma kwanza. Nyuma kwanza."

Nilitoka kwenye majani kama kitu kilichofyatuliwa. Nilijitupa mgongoni kwa baba, nikamkumbatia, nikabandika kifua changu pale kitako cha bunduki kilipoishia. Baba akayumba. Kidole kikarudi kwenye njia kiliyoizoea, kikavuta ya mbele, na marisawa madogo ya kanga yakaenda kumwagika usoni pa nguruwe kutoka mbali, kama mtu aliyetupiwa mchanga. Likakasirika tu. Baba hakupata nafasi ya pili. Alitusukuma mimi na mama upande mmoja, akabaki na mkono wa kuume umenyooshwa, na jino la nguruwe likapita hapo, kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Kisha mbwa wa Ochwo wakafika, likageuka, likaingia mafunjoni.

Hospitali ya Tororo walimshona vizuri, siwezi kuwasema. Lakini kidole cha shahada na cha kati havikujikunja tena. Unavikunja kwa mkono mwingine, ukiviachia vinafunguka.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walisema mtoto aliogopa, alimkimbilia baba yake. Ochwo akasema hata yeye angemkimbilia. Niliwaacha waseme hivyo, na hapa ndipo penye aibu yangu, si pengine: moyoni nilikuwa nimeshinda. Baba alipiga ya mbele, ya nyuma hakuipiga, na mama alikuwa hai anakoroga uji. Nilimwonea baba huruma kwa mkono, lakini kama ningerudishwa pale ningefanya tena.

Nguruwe hakwenda na huruma ya mtu. Lilirudi siku ya nne, na lilikuja na majike mawili. Mama alihesabu tena kwa hatua. Baba akajaribu kwa mkono wa kushoto. Alilenga kichuguu kile kile akakikosa mara mbili, akakaa chini, akautazama mkono huo wa kushoto kwa muda. "Huu haukwenda jeshini," akasema.

Mama akaweka chini ungo wake. Akaja, akasimama mbele yake.

"Nipe."

"Nini?"

"Hiyo. Ochwo amekatazwa, wewe umekatika. Nimebaki nani?"

"Mama Akoth, kibali cha bunduki kiko kwa jina langu."

"Kibali kinakula mihogo? Nipe, Baba Akoth. Nimesimama nyuma yako miaka hii yote, maneno yako yote nayajua. Hata ya kutukana."

Nalisema hilo la kibali leo kwa sababu wote wawili wamelala, na karani wa kibali naye nadhani amelala. Baba alimpa. Na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu mama arudi kutoka Busia, amecheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Akampeleka nyuma ya nyumba, akamweka sawa miguu, akakibana kitako begani kwake, na kwa kuwa mkono wake haukuweza kuonyesha, akasimama nyuma yake, kidevu karibu na sikio lake, akisema naye. Na lugha ikabadilika, ikawa Kiswahili cha bunduki.

"Kidole moja. Mbele kwanza, nyuma baadaye. Sema."

"Mbele kwanza..."

Nikapiga kelele. Watu wa nyumba ya tatu walitoka. Nilimshika baba suruali nikamvuta, nikasema kwa Kiswahili, maana bunduki ilikuwa inasikiliza na nilitaka nayo isikie, "Mama usipige! Baba iko nyuma! Baba nakufa!"

"Nani anakufa?" baba akauliza.

"Wewe. Ya nyuma inapiga nyuma. Ilimpiga Ochwo. Ulitaka kumpiga mama. Ulisema nyuma kwanza, nilisikia."

Mama aliishusha bunduki, akaielekeza chini. Ochwo, aliyekuwa ameshaanza kucheka, alifunga mdomo. Baba alinitazama, kisha akautazama mkono wake, ile njia ya mshono, na nikaona anaelewa kitu kimoja baada ya kingine. Kwamba sikukimbia kwa woga. Halafu kwamba nilifikiri angeweza. Hilo la pili ndilo lililomkalisha chini. Mama naye hakumtazama. Alijifuta uso kwa mkono wa gomesi, akasema kwa Kisamia neno ambalo sikulisikia vizuri.

Baba angeweza kunieleza. Hiki ni chuma cha mbele, hiki ni chuma cha nyuma, vyote vinatupa huko. Angeweza kunichapa pia, na ingekuwa haki. Badala yake alisimama, akajipangusa vumbi, akaenda nyuma ya mama hatua nne, akatulia kwa miguu pamoja kama askari anayekaguliwa.

"Mama Akoth. Fungua. Toa ya kulia. Acha ya kijani tu."

Mama akafanya.

"Akoth, wewe nenda kando na Ochwo. Utazame."

"Siendi."

"Nenda, nakwambia."

"Siendi. Ukifa mimi nakufa pia."

Sikwenda. Ochwo alikuja kunichukua, nikamuuma mkono, na alibaki na alama mpaka alipozeeka. Baba akaona haitawezekana. Akainama, akaniinua kwa mkono wa kushoto, akaniweka kifuani kwake, moyo wake ukigonga sikioni kwangu, na nikajua naye anaogopa kitu, ingawa sasa najua hakikuwa bunduki.

"Ya nyuma," akamwambia mama. "Piga."

Mama hakupiga haraka. Alivuta pumzi, akaitoa. Kichuguu kikapasuka juu, udongo mwekundu ukaruka, na kitako kikamgonga mama akarudi hatua moja nzima kuja kwetu. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua nilianza kupapasa kifua cha baba, nikafungua vifungo, nikatafuta tundu. Nikatafuta mgongoni pia, ananishika nisianguke. Hakukuwa na tundu. Kulikuwa na jasho.

"Umepata?" baba akauliza.

"Bado."

"Tafuta vizuri."

Mama alikuwa anajisugua bega, machozi yanamtoka kwa maumivu au kwa kitu kingine, na alisema, "Baba Akoth, lete risasi nyingine. Sijamaliza."

Alipiga siku hiyo mpaka risasi zikabaki tatu. Bega lake likawa la rangi ya zambarau, akaweka kitambaa kilichokunjwa ndani ya gomesi na kuendelea. Baba alimfundisha kidole kitambae kutoka ya mbele kwenda ya nyuma bila kuondoka kwenye chuma, halafu akamfundisha kinyume, na hilo la kinyume alimfanyisha na bunduki tupu mara nyingi zaidi, mpaka akawa anavuta huku anaongea mambo mengine, habari za samaki na za mama yake. Waliongea sana siku zile. Sijui kama ni bunduki iliyowapatanisha, au ni yale niliyoyasema mimi, au ni njaa tu. Watu husema mambo makubwa juu ya wazazi wao. Mimi nasema nilivyoona.

Siku ya nane alfajiri nilikuwa nyuma ya mama. Safari hii niliombwa, nilibeba mfuko. Baba alikuwa nyuma yangu, mkono wake mzima begani kwangu. Dume likatoka mafunjoni, uso wake una madoa ya yale marisawa ya kanga, likatuona, likashusha kichwa.

"Nyuma kwanza," mama akasema.

Nilisimama pale pale.

Akavuta. Likapiga magoti ya mbele, likainuka, likaja hatua kama kumi hivi, na mama akateleza kidole akavuta ya mbele kwa karibu, likalala. Mbwa wa Ochwo walifika wakakuta kazi imekwisha, wakaona haya. Mama hakushangilia. Alisukuma ule ulimi wa chuma kutia risasi nyingine, jinsi alivyofundishwa, bunduki ikakunjika, na moshi wote wa mitutu miwili ukatoka nyuma, ukanipiga usoni. Nikakohoa mpaka nikainama.

Mama akageuka mbio. "Akoth! Umeumia?"

"Kidogo tu," nikamwambia. "Ya nyuma ndiyo imenipiga."